Shilingi, miguu na siku tano za Greenville

Mwanzoni mwa Machi 2025, kamishna wa SEC, Greg Sankey, alirusha shilingi mbele ya kamera za televisheni. SEC ni konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, lenye vyuo 16, vingi vikiwa vya kusini mwa Marekani, na viwili kati yake, South Carolina na Texas, vilikuwa vimemaliza msimu wa kikapu cha wanawake vikiwa sawasawa: ushindi 15, kipigo 1. Katika konferensi hiyo kila timu hucheza mechi 16, yaani hukutana na wapinzani 14 mara moja na mmoja mara mbili. South Carolina na Texas ndizo zilizopangiwa kukutana mara mbili. South Carolina ilishinda 67-50 kwake Januari, Texas ikalipiza 66-62 kwake Februari, na hakuna timu nyingine ya konferensi iliyoweza kuifunga yoyote kati yao.

Kanuni za kutenganisha sare huanza na mechi za wenyewe kwa wenyewe. Zikigoma, huangaliwa rekodi ya kila timu dhidi ya walio juu, kushuka ngazi moja moja hadi mkiani. Hapa zote ziligoma. Ikabaki shilingi, na shilingi ikaipa South Carolina namba 1 kwenye mashindano ya mtoano ya konferensi yanayofuata msimu.

Kurusha shilingi ni rahisi kucheka. Lakini ukitaka kuelewa mashindano ya konferensi, usianze na nyota wala na kikombe. Anza na namba zile, kwa sababu ndizo zinazoamua nani atacheza dakika 120 na nani atacheza dakika 200.

Hesabu yenyewe ni hii. Mashindano ya SEC hufanyika Greenville, jimbo la South Carolina, ndani ya Bon Secours Wellness Arena, kuanzia Jumatano hadi Jumapili. Timu zote 16 huingia. Jumatano wanacheza namba 9 hadi 16: 9 na 16, 10 na 15, 11 na 14, 12 na 13. Alhamisi washindi hao wanne wanakutana na namba 5 hadi 8, waliokuwa wamekaa hotelini. Ijumaa ndiyo robo fainali, na hapo tu ndipo namba 1 hadi 4 wanavua suti za joto. Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali. Jumla mechi 15.

Kwa hiyo aliye namba 1 hadi 4 anahitaji ushindi tatu kwa siku tatu. Namba 5 hadi 8, nne kwa siku nne. Namba 9 kushuka, tano kwa siku tano, mfululizo, bila siku hata moja ya kupumua. Tofauti ya namba 1 na namba 2 ni ndogo. Zote zinaanza Ijumaa. Tofauti ya namba 4 na namba 5 ni siku nzima ya miguu. Ndiyo maana wiki ya mwisho ya msimu wa kawaida mimi huiangalia zaidi vita ya nafasi ya nne kuliko ya kwanza. Timu inayopigania nafasi ya 4 inapigania usingizi.

Mwaka huohuo wa 2025 Oklahoma iliingia ikiwa namba 5. Ilishinda Alhamisi, ikaishinda Kentucky iliyokuwa namba 4 Ijumaa, na Jumamosi ikakutana na South Carolina iliyokuwa imecheza mechi moja tu hadi wakati huo. Ikafungwa 93-75. Huenda ingefungwa hata ikiwa na miguu mibichi, maana South Carolina ya kocha Dawn Staley haikuwa timu ya mchezo. Ila mtu akikuonyesha ubao wa matokeo bila kukuonyesha ratiba, amekuonyesha nusu ya picha.

Miguu inavyosema

Uchovu kwenye kikapu hauonekani kwa mtu kushika magoti. Huonekana mahali pengine kwanza.

Mtupo wa pointi tatu kwenye vyuo vya wanawake hupigwa kutoka mita 6.75, umbali uleule wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, na umekuwa hivyo tangu msimu wa 2021-22. Nguvu ya mtupo huo inatoka kwenye magoti na vifundo vya miguu. Mkono unaelekeza tu. Miguu ikichoka, mpira unakuwa mfupi: unagonga ukingo wa mbele wa ringi na kurudi kwa mlinzi. Mpira unaokwenda kushoto au kulia ni kosa la mkono au la shabaha. Mpira mfupi mara tatu mfululizo kutoka kwa mtupaji mzuri ni miguu. Kocha mwenye macho atamtoa, au atabadilisha mchoro ili apate mpira akiwa anakimbilia kikapuni badala ya kusimama nje ya mstari.

Kuna na jambo la ukumbi. Kwenye viwanja vingi vya vyuo viti viko karibu na ubao, mtupaji anaona ukuta wa watu nyuma ya kioo. Ukumbi mkubwa una nafasi kubwa tupu nyuma ya goli, na jicho linapoteza kipimo cha umbali. Timu nyingi hupewa muda mfupi tu wa kuuzoea uwanja kabla ya mechi ya kwanza. Namba 13 anayeshinda Jumatano na Alhamisi ana faida moja ndogo asiyokuwa nayo namba 4: Ijumaa ameshazoea ringi zile. Robo ya kwanza ya mechi za Ijumaa mara nyingi huwa na mitupo mibaya upande wa wakubwa, na mashabiki huanza kulia kuwa dunia imepinduka. Subiri robo ya tatu.

Ishara ya pili ya uchovu ni faulu. Mlinzi mwenye nguvu husogeza miguu. Aliyechoka hunyoosha mkono. Hapa kanuni zinauma. Vyuo vya wanawake hucheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16, na faulu za timu huanza upya kila robo. Faulu ya tano katika robo inampa mpinzani mitupo huru miwili, hata kama hakuwa anatupa. Msomaji aliyezoea kikapu cha FIBA hapa nyumbani ataona ni jambo analolijua. Vinavyotofautiana ni saa ya mtupo, ambayo kwao ni sekunde 30 badala ya 24, na sekunde za kuvuka katikati ya uwanja, ambazo ni 10 badala ya 8. Timu iliyochoka ikifikisha faulu nne zikiwa zimepita dakika nne tu za robo, dakika sita zinazobaki ni za kumsindikiza mpinzani kwenye mstari. Na kila mchezaji ana faulu tano tu kabla ya kutolewa. Makocha wengi humkalisha benchi nyota akipata ya pili kabla ya mapumziko. Siku ya nne ya mashindano, kumkalisha huko ni kama dawa chungu iliyokuja kwa wakati, maana anapumzika kwa lazima.

Ishara ya tatu ni ribaundi ya ulinzi. Kumzuia mtu kwa mgongo mpira ukiwa hewani ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi, na ndiyo ya kwanza kuachwa. Ukiona timu inapewa nafasi ya pili na ya tatu chini ya goli lake, usiulize urefu wa senta. Uliza amecheza dakika ngapi tangu Jumatano.

Kinachofanywa hotelini

Hakuna mazoezi ya kweli katika wiki hii. Timu inayoshinda usiku na kurudi uwanjani kesho yake ina kazi tatu: kula, kulala na kumjua mpinzani.

Kula kuna kipimo. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kila saa, kwa saa nne za kwanza baada ya mechi, pale mtu anapolazimika kucheza tena ndani ya siku moja. Mchezaji wa kilo 70 anahitaji gramu 70 hadi 84 kwa saa. Huo ni kama wali wa nusu kikombe, ndizi moja na glasi ya juisi, na baada ya saa moja arudie. Tatizo ni kwamba mechi ya mwisho ikiisha karibu na saa 5 usiku, halafu kuna mahojiano, barafu na basi, mchezaji anafika hotelini akitaka kitanda, si sahani. Ndiyo maana timu zilizojipanga huanza kuwalisha chumba cha kubadilishia nguo, hata kabla ya viatu kuvuliwa. Asiyelishwa usiku anaonekana kesho yake robo ya tatu.

Kumjua mpinzani nako kuna mpango wake. Namba 1 anajua tangu mwanzo kwamba Ijumaa atakutana na mmoja wa watatu: 8, 9 au 16. Namba 2 ana 7, 10 na 15. Makocha wasaidizi hugawana. Kila mmoja anachukua timu moja, anakata video zake na kuandaa ripoti kamili, akijua mbili kati ya ripoti tatu zitaishia kwenye pipa. Mpinzani anapojulikana Alhamisi, mechi iko chini ya saa 24 mbele. Wachezaji hawawezi kumeza zaidi ya mambo matano hivi: michoro miwili anayoipenda mpinzani, mtupaji asiyeachwa hata hatua moja, mtupaji anayeachwa atupe, mkono anaopendelea kudundia mpira yule mwongoza mchezo wake, na jinsi anavyoingiza mpira kutoka pembeni dakika za mwisho. Ripoti ya kurasa 20 siku hiyo ni kujifurahisha kwa kocha.

Michoro yenyewe hupitiwa kwa kutembea. Timu nyingi hutumia ukumbi wa mikutano wa hoteli: viti vinasogezwa, mkanda wa gundi unabandikwa kwenye zulia kuchora eneo la ndani na mstari wa pointi tatu, na wachezaji wanapita hatua kwa hatua wakiwa wamevaa soksi. Inachekesha kutazama, lakini kwa timu iliyochoka dakika 20 za zulia zinafaa kuliko saa nzima ya sakafu ya mbao.

Kisha kuna kitu kidogo kinachowaponza wageni wa mashindano haya: muda wa kuanza. Mechi zinapangwa mbili mbili kwa kipindi, na ya pili huanza takriban dakika 25 baada ya ya kwanza kuisha. Mechi ya kwanza ikienda muda wa nyongeza, dakika 5 kila mmoja, timu inayosubiri kwenye korido inapoa. Ikipasha misuli moto mapema mno, inapoa mara mbili. Kocha wa viungo anayejua kazi yake anamweka mtu mmoja uwanjani akiangalia saa, na hatoi amri ya kuanza kuruka hadi zimebaki kama dakika nne za robo ya mwisho ya wale walio mbele yao.

Benchi

Nikiulizwa kitu kimoja kinachoshinda mashindano ya konferensi, nitajibu benchi. Mchezaji anayepewa dakika 36 kila mechi na timu yake ikaanza Jumatano atakuwa na dakika 180 akifika mwisho wa fainali. Anayecheza dakika 26 kwa timu iliyoanza Ijumaa atakuwa na 78. Hao si wachezaji wa aina moja tena, hata kama mwezi Januari walikuwa sawa.

South Carolina imeshinda mashindano haya mara tisa kati ya 2015 na 2025, na ukiangalia karatasi za takwimu za miaka ya karibuni utaona wachezaji tisa, kumi, wanaoingia na kupewa dakika za maana. Staley hubadilisha kabla mchezaji hajaomba. Pia ana jambo lingine ambalo wapinzani hawachoki kulinung'unikia: Columbia, mji wa chuo chake, uko kama kilomita 160 tu kutoka Greenville. Kwa karatasi uwanja hauna mwenyeji. Kwa masikio, una mwenyeji.

Njia ya kuokoa miguu bila benchi refu ni ulinzi wa zoni. Badala ya kila mtu kumkimbiza mtu wake na kugongana na skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, watano wanalinda maeneo. Gharama yake ni pembe za uwanja na ribaundi: mpira ukizungushwa haraka, mtupaji wa pembeni hubaki peke yake, na mpira ukigonga ringi hakuna aliyepangiwa mtu wa kumzuia. Zoni ya robo moja ni akili. Zoni ya mechi nzima, dhidi ya timu ya SEC iliyopumzika, ni kuahirisha kipigo.

Na je, wa chini hawashindi? Hushinda, mara chache, na mfano wangu ni wa 2022, mwaka ambao mashindano yalikuwa Nashville. Kentucky ilikuwa namba 7, ikaanza Alhamisi, ikaiondoa Mississippi State, ikaiondoa LSU iliyokuwa namba 2, ikaiondoa Tennessee iliyokuwa namba 3, na Jumapili ikakutana na South Carolina. Sekunde 4.2 zikiwa zimebaki, Dre'una Edwards akatupa pointi tatu na Kentucky ikashinda 64-62. Ulikuwa ubingwa wake wa kwanza wa mashindano hayo tangu 1982. Angalia vilivyohitajika: mchezaji wa kiwango cha Rhyne Howard, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kwenye usajili wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, mwezi uliofuata, siku nne badala ya tano, na mtupo wa mwisho kuingia. Kimoja kikikosekana, hakuna hadithi. Na South Carolina iliyofungwa siku ile ndiyo iliyotwaa ubingwa wa taifa wiki chache baadaye, ikiifunga UConn 64-49.

Hilo la mwisho linaleta swali ambalo wengi hulizunguka.

Wanacheza kwa ajili ya nini hasa?

Inategemea ni nani. Mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, yana timu 68 tangu 2022. Mwaka 2025, nafasi 31 zilikwenda kwa mabingwa wa konferensi, na 37 zikatolewa na kamati ya uteuzi. Bingwa wa konferensi, kwa nafasi hii, ni yule aliyeshinda mashindano ya Machi, si yule aliyeongoza msimu mzima.

Kwa timu kama Texas ya 2025 nafasi ilikuwa imeshapatikana tangu Januari. Ilifungwa fainali na South Carolina 64-45, kipigo kizito kwa macho, na bado ikapewa namba 1 ya eneo, moja kati ya maeneo manne ya mashindano ya taifa. USC, chuo cha Southern California, ilifungwa fainali ya Big Ten, konferensi nyingine kubwa, na UCLA 72-67, nayo ikabaki namba 1. Kwa wakubwa hawa kinachoshindaniwa ni heshima, na kwa wale wanaozunguka nafasi ya 16 kitaifa kinachoshindaniwa ni nyumba: timu 16 za juu huandaa raundi mbili za kwanza kwenye uwanja wao wenyewe. Wanaume hawana kitu hicho. Timu iliyo ya 17 ikishinda mechi moja nzuri ya robo fainali inaweza kuhamia upande wa wenyeji, na tofauti hiyo ni kati ya kulala kitandani kwako na kusafiri kwenda kucheza mbele ya watu elfu kumi wanaokuzomea.

Kamati hutumia kipimo cha kupanga timu kwa ubora kinachoitwa NET, kilichoanza kutumika upande wa wanawake msimu wa 2020-21, na mechi hugawanywa kwenye madaraja manne kulingana na ubora wa mpinzani na mahali. Kwenye uwanja usio wa mtu yeyote, mpinzani aliye ndani ya 35 bora anakupa ushindi wa daraja la kwanza. Ukicheza kwako, lazima awe ndani ya 25. Hapo ndipo Greenville inapokuwa soko zuri kwa timu iliyo ukingoni: wapinzani wa daraja hilo wamepangwa mstari, siku baada ya siku.

Kwa konferensi ndogo hesabu ni nyingine kabisa. Huko nafasi mara nyingi huwa moja tu. Msimu wa 2024-25 Oregon State, iliyokuwa imepoteza nyumba yake baada ya konferensi yake ya Pac-12 kusambaratika, ilikuwa mgeni kwenye WCC, konferensi ndogo ya magharibi. Mashindano ya WCC hufanyika Las Vegas, na yana ratiba kali: imepangwa kama ngazi, wa chini wanaanza mapema na kupanda, walio juu wanasubiri nusu fainali. Lengo liko wazi: kumlinda bora wao ili ndiye aende taifa. Mwaka huo ngazi haikumlinda mtu. Oregon State iliiondoa Gonzaga nusu fainali, ikaifunga Portland 59-46, na WCC ikapeleka timu moja tu, Oregon State. Gonzaga na Portland zikaenda WBIT, mashindano ya timu 32 yaliyoanzishwa 2024, ambayo huwapokea pia viongozi wa msimu wa kawaida walioangukia Machi.

Ivy League, konferensi nyingine ndogo, inafanya kinyume: inaruhusu timu nne tu, basi. Wikiendi moja, mechi tatu. Mwaka 2025 Harmoni Turner wa Harvard alifunga pointi 44 nusu fainali dhidi ya Princeton, kisha Harvard ikaifunga Columbia 74-71. Columbia ndiyo iliyokuwa imeongoza msimu. Lakini kwa sababu Columbia na Princeton zilikuwa na wasifu mzuri, kamati ilizichukua zote mbili, na kwa mara ya kwanza Ivy ikawa na timu tatu kwenye taifa. Ratiba fupi, mechi chache za kujichafua: kwa konferensi ndogo yenye timu nzuri tatu au nne, naona huo ndio mpangilio wa busara kuliko kuwaingiza wote kwa ajili ya tiketi.

Pesa nazo zimeingia. Kuanzia 2025 NCAA inalipa konferensi kwa kila ushiriki na ushindi wa timu zao kwenye mashindano ya taifa ya wanawake, kama ilivyokuwa ikifanya kwa wanaume kwa miongo. Mfuko ulianza na dola milioni 15 na umepangwa kufika milioni 25 ndani ya miaka mitatu. Konferensi inayopeleka timu yake ya tatu kwa ubora badala ya ya kwanza inaweza kuutia mfuko wake hasara. Usishangae ratiba za ngazi zikiongezeka.

Watu wa benchi na mstari wa benchi

Mwaka 2024 Greenville ilitoa mambo mawili ndani ya siku mbili, yote yakimhusu senta mmoja, Kamilla Cardoso kutoka Brazil. Jumamosi, South Carolina ikiwa nyuma ya Tennessee kwa pointi mbili na sekunde 1.1 zimebaki, mpira ulikwenda kwake nje ya mstari wa pointi tatu, mahali ambapo hakuna kocha angemlinda. Akaubamiza ubaoni ukaingia, 74-73. Ulikuwa mtupo wake wa kwanza wa pointi tatu kuingia tangu ajiunge na chuo. Tennessee haikukosea kumwachia nafasi; hesabu zote zilisema amwachie.

Jumapili, dhidi ya LSU, zikiwa zimebaki dakika mbili na kidogo, Cardoso alimsukuma Flau'jae Johnson hadi chini. Wachezaji wakavuka mstari wa benchi. Hapo ndipo kanuni inapokata bila huruma: mchezaji wa akiba anayeondoka eneo la benchi wakati wa ugomvi anatolewa, awe amepigana au amekwenda kuamua. Wachezaji sita walitolewa, wanne wa South Carolina na wawili wa LSU, na Cardoso, kwa kuwa kosa lake lilikuwa la kupigana, alikosa pia mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa. South Carolina ilishinda 79-72. Kama tukio lile lingetokea robo ya kwanza, benchi refu nililolisifu hapo juu lingebaki nusu. Kocha msaidizi aliyekaa mwisho wa benchi ana kazi moja pale vurugu zinapoanza, nayo ni kunyoosha mikono na kuwazuia vijana wasisimame.

Kwa wanaotazama kutoka kwetu

Yupo wa kumtazama. Madina Okot, senta Mkenya wa futi 6 na inchi 6 aliyepitia timu ya chuo cha Zetech, alicheza Mississippi State msimu wa 2024-25, kisha akahamia South Carolina. Kwa maneno ya ratiba, alitoka timu iliyoanza Jumatano akaenda timu iliyozoea kuanza Ijumaa. Ukimfuatilia, hesabu dakika zake pamoja na pointi, na uangalie kama bado anafika chini ya goli kabla ya mpira robo ya nne. Kwa senta mrefu hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Saa ndizo zinazowachanganya wengi. Hadi Jumamosi, Greenville iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8. Mechi ya saa 5 asubuhi kule ni saa 1 usiku huku, na ya saa 12 jioni kule ni saa 8 usiku huku. Kisha usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani husogeza saa zao mbele, na tofauti inakuwa saa 7. Mwaka 2025 Jumapili hiyo ilikuwa tarehe 9, siku ya fainali ya SEC.

Wachezaji nao walipoteza saa hiyo ya usingizi. Nusu fainali ya upande wa namba 1 ilianza alasiri, ya upande wa namba 2 ikafuata usiku. Anayemaliza kucheza baada ya saa 3 usiku, akala, akapakwa barafu, akalala saa 7, anaamshwa na saa iliyorushwa mbele na fainali iko alasiri. Sidai usingizi ndio uliotengeneza 64-45. Ulinzi wa South Carolina ulifanya kazi hiyo vizuri. Ila ile shilingi ya mwanzo wa wiki ilikuwa na upande wa mapema na upande wa usiku, na Texas iliangukia wa usiku.

Fainali ya saa 9 alasiri kwao, basi, uitegee saa 4 usiku. Ukifuata tofauti ya Jumamosi utaiwasha televisheni saa 5, mechi ikiwa mapumziko.